Mtu wa Kufunika Sufuria

Shangazi, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mpiga pasi. Maisha yake ya kazi yalipita nyuma ya meza ndefu kwa dobi mmoja mkubwa, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa ofisini. Mvuke ulimpa uso laini na mikono migumu kama ubao. Alipenda utani, alipenda kusali, na majirani walimsifu kwamba ni mtu asiye na kinyongo. Majirani hawakumjua vizuri.

Pale kwa dobi kila mpiga pasi alikuwa na mkunjo wake, ili shuka likirudishwa limeungua msimamizi ajue amwite nani. Mkunjo wa Shangazi ulikuwa pembe moja iliyoingizwa ndani, ndogo, kama sikio la paka aliyelala. Mazoea hayana likizo: hata nyumbani alikunja hivyohivyo, taulo, foronya, mpaka kitambaa cha kushikia sufuria. Mama yake alimtania, "Wewe hata sanda yako utataka uikunje mwenyewe."

Mama huyo ndiye aliyemfundisha supu ya kuku ya nazi yenye viungo. Kisha kiharusi kikampiga mama, kikamlaza upande mmoja na kuondoka na ulimi wake. Ulibaki mkono wa kushoto tu na macho. Shangazi aliishi chumba kimoja cha ghorofani chenye ngazi nyembamba, kwa hiyo mgonjwa alipelekwa kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Shangazi, kwenye nyumba yenye nafasi na wifi anayeshinda nyumbani.

Kila asubuhi kabla ya kazi Shangazi alipika. Kuku alichemshwa na tangawizi na kitunguu saumu mpaka nyama iachie mfupa. Binzari nyembamba, pilipili manga, mdalasini na hiliki zilikaangwa kavu, zikatwangwa. Tui jepesi lilitangulia, tui zito likafuata mwishoni. Akamimina kwenye hotipoti ndogo, akaifunga kwa kitambaa kilichopigwa pasi, akapita kwa kaka yake na kuikabidhi mlango wa jikoni.

"Mama bado amelala," wifi yake alikuwa akisema. "Nitampa akiamka. Wahi kazini, wifi yangu, usije ukafukuzwa."

Shangazi akawahi. Jioni aliporudi kumtazama, mama alimshika mkono na kumkodolea macho, na Shangazi akadhani ni uchovu.

Ukweli aliusikia siku ya mazishi, akiwa ameinama kwenye beseni la vyombo. Mama yake mdogo alisimama nyuma yake na kusema bila kuzunguka:

"Mkwe kama yule hazaliwi mara mbili. Kila nikija namkuta kitandani anampulizia marehemu kijiko cha supu. Supu aliyoipika mwenyewe, ya nazi. Wewe ulikuwa na shughuli gani hizo, mwanangu?"

"Nani kasema kapika yeye?"

"Kasema mwenyewe. Na alikuwa akimwambia mama yako, mimi nipo nasikia: 'Kula, mama. Binti yako hana nafasi, lakini mimi nipo.'"

Shangazi alisuuza sahani aliyokuwa nayo, akaisuuza tena, akaiweka. Supu angemsamehe wifi yake. Hata sifa angemsamehe. Kilichomkaa kooni kilikuwa kimoja tu: mama yake, asiye na ulimi wa kuuliza, amekufa akiamini kwamba binti yake hakumletea hata kijiko.

Usiku alipiga magoti kama kawaida. "Baba," alisema, "najua unataka nisamehe. Nitasamehe. Ila usiniharakishe."

Nafasi ilikuja na mjomba. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, mzee aliyeishi mbali, na ugonjwa ulikuwa umemzuia kufika mazishini. Alipopata nafuu alituma habari kwamba anakuja Jumapili, na kwamba anaomba kitu kimoja: ile supu ya dada yake, ambayo ukoo mzima unasema mkwe anaipika kama marehemu mwenyewe.

Wifi alifika kwa dobi akihema. Alipita kati ya marundo ya mashuka mpaka kwenye meza ya Shangazi.

"Wifi yangu kipenzi. Jumapili mjomba anakuja. Niletee kidogo ile supu yako, kwenye ile hotipoti. Asubuhi, kabla watu hawajafika."

Shangazi aliendelea kusukuma pasi. "Mimi nikuletee supu? Bingwa ni wewe. Nimesikia mwenyewe, kwenye msiba."

Wifi akacheka kicheko kifupi. "Watu nao kwa kukuza maneno."

"Maneno mazuri yale, usiyakatae. Nitakuletea kuku wazuri na nazi. Mikono unayo."

"Basi nielekeze, wifi. Nisije nikaaibika."

Shangazi aliisimamisha pasi wima, akamwelekeza. Hakumdanganya hata neno moja, na jambo hilo alilitaja baadaye katika sala kama mtu anayewasilisha ushahidi. Alimwambia akaange viungo mpaka vinukie, visiungue. Alimwambia tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, na akoroge bila kuondoa mkono mpaka lichemke kidogo tu. Asifunike sufuria. Ndimu aikamue baada ya kuipua, kamwe si motoni.

"Hayo tu?" wifi akauliza.

"Hayo tu."

Wifi alikuwa ameshaanza kuangalia simu. Shangazi akarudi kwenye shati lake huku moyo umetulia tuli. Alimjua wifi yake miaka mingi. Kuna watu wa kukoroga na watu wa kufunika, na wifi yake alikuwa mtu wa kufunika sufuria akaenda zake barazani kupokea sifa.

Jumapili, baada ya ibada, familia ilijaa sebuleni. Shangazi alikaa kiti cha karibu na mlango wa jikoni, kikapu miguuni, kimefunikwa kitambaa. Alisikia viungo vikikaangwa, akanusa: vimeungua kidogo, upande wa binzari. Alisikia tui likimiminwa. Kisha ukaja mlio aliokuwa akiusubiri tangu msibani, mfuniko ukitua juu ya sufuria, na wifi akatokea sebuleni akijipangusa mikono na kutabasamu.

"Karibuni, karibuni. Inachemka yenyewe."

"Asante, mpishi wetu," Shangazi akasema.

Mabakuli yalipopangwa mezani, kaka yake alimwomba Shangazi aombee chakula. Akainamisha kichwa.

"Baba, bariki mikono iliyompikia mama yetu mpaka siku yake ya mwisho. Wewe unaijua ni ipi. Usiiache bila malipo yake."

Wote wakasema amina. Ya wifi ilichelewa.

Supu ilikuwa imekatika. Mafuta yalielea juu kama taa zilizozimika, na chini tui lilikuwa mabonge madogo meupe yaliyojikusanya kuzunguka nyama. Mjomba alikoroga, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Dada yangu ndiyo hii aliyokuwa anakula?"

"Nazi za siku hizi, mjomba," kaka yake Shangazi akasema haraka. "Hazieleweki."

"Nazi ni nazi."

"Mjomba, usimhukumu," Shangazi akaingilia kwa sauti ya asali. "Wifi amechoka leo, wageni wengi. Hata kwenye msiba supu yake ilisifiwa, si ndiyo, mama mdogo?"

"Kabisa," mama mdogo akasema, akilisukuma bakuli lake pembeni. "Hata mimi nashangaa."

"Basi apike tena," mjomba akasema. "Nimetoka mbali. Nitasubiri."

Wifi akasema kwa unafuu kwamba kuku wameisha, nazi zimeisha, labda siku nyingine. Shangazi akafunua kikapu. Kuku alikuwemo, amekatwa na kuoshwa. Nazi zilikuwemo. Ndimu nazo.

"Nilileta vya akiba," alisema. "Na safari hii twende wote jikoni, tumtazame anavyofanya. Sisi wengine tumechelewa kujifunza."

Wakaenda wote, mjomba na kiti chake. Wifi alisimama mbele ya jiko, nazi mkononi, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu. Hakuna aliyemsukuma. Shangazi aliegemea ukuta na kumtazama kwa upendo wa kutisha.

"Anza tu, wifi. Tuko nyuma yako."

Wifi akalitazama jiko, akawatazama watu, akainama. "Haikuwa mimi," alisema.

"Sema kwa sauti kidogo," Shangazi akamwambia. "Mjomba sikio la kushoto halisikii."

"Supu haikuwa yangu. Alikuwa anaileta yeye. Kila siku. Mimi nilikuwa namlisha tu."

Kaka yake Shangazi akamgeukia dada yake. "Ulijua, na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema wanawake wana maneno. Nimemwachia mwenyewe ayaseme." Kisha sauti yake ikabadilika, asali yote ikaisha. "Nina swali moja, wifi, na unijibu kama utakavyomjibu Mungu. Mama alijua?"

Wifi aliweka nazi mezani, akaelekea chumba alicholala mgonjwa, akarudi na furushi dogo. Vilikuwa vitambaa vya hotipoti. Baadhi vilikuwa na madoa ya manjano, vyote vimekunjwa, na kila kimoja pembe imeingizwa ndani.

"Hakutaka nivifue," wifi akasema. "Nikifungua hotipoti ananyoosha mkono ule mzima, anakichukua kitambaa, hakiachii. Anakipapasa hapa, kwenye pembe. Nilidhani ni akili imeondoka. Nilivikuta chini ya mto wake."

Shangazi akavipokea. Aliipapasa pembe ya kitambaa cha juu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayesoma gizani. Sasa aliyaelewa yale macho ya jioni. Mama alikuwa anamwambia kwamba amekula. Alilia pale pale, amesimama, bila kujificha uso, na mama mdogo akamshika kiuno.

Alipomaliza kulia alinawa mikono. "Kuna nazi ya kukuna," akasema. Wifi akaichukua bila kuambiwa mara ya pili. Shangazi alipika mwenyewe, akakoroga tui bila kuondoa mkono, sufuria wazi, na nyumba ikanukia kama zamani. Mjomba alikula akafumba macho. Kaka yake alikula kichwa chini. Mama mdogo aliomba ya kuongezewa na hakutazama mtu.

Msamaha aliutoa kweli, maana alikuwa ameuahidi, lakini aliutoa siku nyingine, na polepole. Siku ile, kila mtu alipokwisha kupata, Shangazi alichukua bakuli safi, akaisogelea ile sufuria ya kwanza iliyopoa na kuganda mafuta, akapakua mpaka juu, akaliweka mbele ya wifi yake.

"Kula, wifi. Mimi nipo."

Akavuta kiti, akakaa kumkabili, vitambaa vya mama yake mapajani, akamtazama mpaka kijiko cha mwisho.