Homoni ya Dhiki

Mke wangu alikatwa na gamba la chaza kwao Paje, siku aliyokwenda kumsaidia mama yake kuvuna mwani. Jeraha lilikuwa dogo, chini ya wayo, na yeye amezaliwa pwani. Alilisuuza kwa maji ya bahari, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi mpaka maji yakaanza kujaa. Aliporudi kwetu Jang'ombe, mjini, alikuwa akichechemea, na mimi nilipomhurumia akanicheka.

Siku chache baadaye mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na ukiugusa unaunguza mkono. Alitetemeka kwa baridi huku jua limewaka. Asubuhi moja nilimwita, akaitika "Naam" kwa adabu kabisa, kisha akanitazama kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Niliacha nguo za watu kwenye cherehani, nikamkimbiza hospitali.

Daktari wake alikuwa mwanamke wa makamo, msemaji wa sauti ya chini. Alitueleza mimi na mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshafika kutoka Paje, kwamba vijidudu vya jerahani vimeingia kwenye damu na hali si nzuri. Mke wangu akaanzishiwa dawa na dripu. Lakini presha ilikuwa imeshuka na haitaki kupanda, basi daktari akaagiza damu ipimwe kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, apate kujua kama tezi hizo zinafanya kazi yake. Majibu yakaja: kotisoli iko juu sana.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akalitafuta neno hilo kwenye simu, akamsomea mama yake alichokikuta: homoni ya msongo wa mawazo. Mama mkwe alingoja mpaka shemeji alipotoka kununua maji, akaniita kwenye benchi nje ya wodi. Mimi na yeye tunaheshimiana, na heshima yenyewe ilikuwa imetufanya tusizungumze mengi. Tangu nimuoe binti yake, maneno yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, na habari za safari.

"Mwanangu," aliniambia, "damu haisemi uongo. Mtoto wangu ana dhiki gani nyumbani kwako?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kusaidia. Nilitaka kumjibu kuwa hana dhiki yoyote, lakini nilipofungua mdomo nikaona sina hakika. Anapika, anacheka, anaimba akifua. Mtu anaweza kufanya yote hayo na moyoni akawa na lake. Nilimwomba twende tukamuulize daktari.

Daktari hakutucheka. Alivuta kiti akakaa karibu na mama mkwe, akaeleza polepole. Kotisoli, alisema, inatoka wakati wa mawazo, ni kweli, lakini inatoka pia mwili unapopigana na maradhi, na hapo inahitajika kuliko wakati wowote. Isipokuwepo ya kutosha, uvimbe unapita kiasi na presha inaanguka.

"Sasa, bibi, haitembei peke yake kwenye damu," alisema. "Sehemu kubwa inachukuliwa na protini, kama mzigo kwa hamali. Ikiwa bado imo mikononi mwa hamali haifanyi kazi. Ikifika penye uvimbe, chembe nyeupe za damu zinazopigana pale zinatoa kitu kinachomkata yule hamali, na mzigo unaanguka pale pale unapotakiwa."

Mama mkwe akauliza homa nayo inafanya nini. Daktari akafurahi kuulizwa. Alisema joto likipanda mikono ya hamali inalegea, anauachilia mzigo kwa wepesi zaidi. Na maradhi yakiwa makali sana mahamali wenyewe hupungua, kwa hiyo kotisoli iliyo huru huongezeka, ingawa kipimo cha kawaida huhesabu yote pamoja, iliyobebwa na isiyobebwa. Ndiyo maana yeye haangalii namba peke yake, anamwangalia na mgonjwa.

"Kwa hiyo si huyu?" mama mkwe aliuliza, akininyooshea kidevu.

"Si huyu. Ni mwili wa binti yako unajitibu."

Tuliporudi kwenye benchi alifungua kikapu chake, akatoa chupa ya chai ya tangawizi, akanimiminia mimi kwanza.

Presha ilipanda taratibu. Siku aliyonitambua sawasawa, mke wangu aliniuliza kwa nini sijanyoa ndevu, nami nikageuka upande wa ukuta kidogo kabla ya kumjibu. Uvimbe ukawa unashuka, homa ikaondoka. Daktari alikuwa ameshanitoa lawamani, lakini swali la mama mkwe lilibaki kwangu, na jioni moja, nikimkanda mke wangu mguu usio na jeraha, nilimuuliza kama kuna jambo lolote linalomkera nyumbani.

"Linalonikera ni huu mguu," alisema. Akaongeza taratibu, "Na chumba cha nyuma. Hakina upepo. Kwetu nimezoea kulala nnasikia bahari, huko nyuma hata wapita njia siwasikii."

Hakuwahi kuniambia. Katika chumba cha mbele, chenye dirisha la njiani, niliweka cherehani kwa ajili ya mwanga, na yeye aliona kazi ndiyo riziki, akakaa kimya.

Kabla hajaruhusiwa kutoka, mimi na shemeji tulikihamishia kitanda chumba cha mbele, na cherehani tukaipeleka nyuma. Mama mkwe alikaa nasi mpaka jeraha likafunga, akilisafisha mwenyewe, na siku hizi tunazungumza, hata ya utani. Mimi nashona kwenye chumba cha nyuma na taa imewashwa mchana, na nikisimamisha cherehani namsikia mke wangu dirishani akimuuliza muuza samaki wale changu wake wa leo wametoka wapi.