Chanjo ya Kazi

Wakati wa korona watu wa Malaba walinicheka sana kwa sababu ya barakoa. Nilikuwa nikiwauzia madereva wa trela chai na chapati kwenye foleni ya mpaka, na kila asubuhi lazima mmoja aniulize, "Mama, si umechanjwa? Sasa hiyo kitambaa ya mdomo ni ya nini? Ama umeng'oka meno?" Wenzake wanacheka, na mimi nacheka nikimimina chai, kwa sababu mteja ni mteja. Lakini nilikuwa nimepima mambo yangu. Chanjo ilinilinda mimi nisife. Barakoa ilikuwa ya wale niliowarudia jioni. Kwangu kulikuwa na mtoto mchanga. Nyumbani Amukura kulikuwa na mama yangu, mwenye sukari na presha, na hakuwa amechanjwa.

Mama tulimwita Toto. Kwa Kiteso toto ni mama, na wageni wakitusikia hucheka, ati mtu mzima anamwita mzazi wake mtoto. Toto alitaka kitu kimoja tu kwangu: ampe binti yangu jina. Kwetu jina haliandikwi kliniki likaisha. Nyanya huchovya kidole kwenye ajono, pombe yetu ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya watu wa ukoo waliokufa. Jina ambalo mtoto atanyonya akilisikia, hilo ni lake. Baba ya mtoto alikuwa amepotelea upande wa Uganda kabla sijazaa, kwa hivyo kazi hiyo ilikuwa ya Toto peke yake.

Nikasema ingoje. Mimi na barakoa yangu, uwanjani, upepo ukipita, Toto kwenye kiti chake na mimi kwenye jiwe karibu na mihogo: hiyo niliiweza. Kuingia jikoni kwake, moshi na mlango mmoja: hapana. Lakini kidole mdomoni? Kidole hakivai barakoa, na mtoto mchanga pia havai. Na mtoto huyo analala kifuani mwangu baada ya mimi kushinda nikipumuliwa na watu wa Mombasa, Kigali na Juba. Sikumwogopa Toto. Niliogopa kile ambacho mtoto angemletea.

"Toto, chanjwa tu," nikamwambia. "Siku hiyo nakuletea mtoto, umtie kidole mpaka uchoke."

"Unaongea kama daktari, na shule uliishia kidato cha nne."

"Hata huko walitufundisha mate ni mate."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Akakubali. Tukapanga siku.

Kabla siku haijafika, kaka yangu mkubwa akapita nyumbani. Yeye ni dereva wa trela, na ndiye mwanamume aliyebaki kwa boma letu, kwa hivyo neno lake kwa Toto lilikuwa na uzito wa maneno yangu kumi. Alimwambia asithubutu. Mwili wa mtu wa sukari hauwezi kubeba hiyo dawa, alisema, kuna wazee amewaona kwa macho yake wakilala moja kwa moja. Nilipokuja kumchukua nikamkuta Toto analima na nguo za shamba.

"Ndugu yako amekataa," akasema, akiendelea kupiga jembe. "Yeye ametembea nchi nyingi."

Nilibembeleza. Nilikasirika. Nilimleta muuguzi, jirani yetu, aongee naye. Toto alisema, "Nimesikia." Hiyo "nimesikia" ya wazee wetu mnaijua. Ni hapana iliyovaa viatu vya kanisani. Miezi ikaenda, mtoto akaanza kukaa, na wake wa majirani wakampa jina lao wenyewe: Yule wa Kliniki.

Jumapili moja nilifika nyumbani nikawakuta kwa chungu. Ajono hunywewa hivyo, chungu kimoja katikati, juu kimemiminiwa maji moto, na watu wamekizunguka na mirija mirefu. Kaka alikuwa ametoka Kampala. Pua ilikuwa ikimtiririka, na alikuwa akikohoa. Anavuta, anampa Toto mrija wake, Toto anavuta. Nilisimama mbali, mtoto mgongoni.

"Una kikohozi, na unampa Toto mrija wako?"

"Hii ni vumbi ya njiani. Wewe dada, acha kutisha watu na hiyo nepi ya uso."

"Vumbi linatoa kamasi?"

"Sikia!" Sasa alikuwa amekasirika. "Mimi nimechanjwa mara mbili. Siwezi kuleta kitu hapa. Hatari yangu naijua mwenyewe."

Nilimwona Toto akiutoa mrija mdomoni polepole.

"Umechanjwa?"

"Toto, madereva wote wamechanjwa. Bila hiyo hupiti mpaka."

"Na mimi uliniambia inaua."

"Hiyo yangu ilikuwa ya kazi."

Ya kazi! Kwa kichwa chake kulikuwa na chanjo mbili: moja ya kazi, unadungwa ili lango lifunguliwe, na nyingine ya mwili, inayoua wazee. Sindano ni ile ile, chupa ni ile ile. Sidhani hata alijua anadanganya. Pale foleni niliwasikia wengi wakiongea hivyo, wanakunja mkono wa shati kama mtu anayeonyesha tikiti, wanashuka, na kesho wanakataza mama zao. Angekuwa mwongo ningemchukia nikapumzika. Huyu aliamini.

Na hiyo "hatari yangu naijua"! Yake, ndiyo. Alipata mafua, akaendesha gari mpaka Juba. Ya Toto nani aliijua?

Wiki hiyo Toto akaanza kuumwa. Sitaapa ni ule mrija. Alienda kanisani, alienda sokoni, na kaka hakupimwa. Ninachojua ni kwamba mwili wake ulikutana na ule ugonjwa ukiwa mtupu, bila kitu mkononi, na mtu aliyemnyang'anya fimbo ni mtoto wake wa kwanza.

Hospitalini, muuguzi wa mlangoni aliniangalia titi lililolowesha blauzi. "Unanyonyesha? Umechanjwa? Toa hiyo ya kitambaa, vaa hizi mbili. Usikae sana. Mtoto hapana." Nikasimama pale nikipima tena. Chanjo ninayo. Barakoa mbili. Madirisha yako wazi. Na mtoto anayeningojea kwa rafiki yangu kwenye nyasi za nje. Hakuna mtu aliyeweza kunijibia. Nikaingia.

Toto alikuwa akivuta hewa kwa mabega.

"Yuko wapi?"

"Nje, Toto. Hawaruhusu watoto."

Akainua mkono. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimebanwa na kile kidude cha kupima hewa, taa nyekundu ikiwaka kwenye ukucha.

"Waambie watoe hii," akasema. "Nataka kidole changu."

Nikamwambia atamtia mtoto akipona. Nikaushika mkono mzima, na kile kidude ndani yake, mpaka muuguzi akanigusa bega. Alfajiri walinipigia simu.

Tulimzika haraka, kwa mbali, kama watu wanaoficha kitu. Ni baadaye sana mama mdogo, anayemfuata Toto kwa kuzaliwa, alipotuita nyumbani tumalize jambo la mtoto. Akaosha mikono kwa sabuni mbele yangu bila kuambiwa. Kaka alikuwepo, sasa na barakoa mpaka machoni. Mama mdogo akachovya kidole, na jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la Toto, kwa sababu Toto naye sasa ni wa kutajwa.

Mtoto alikuwa ameota meno. Akakiuma kidole mpaka mama mdogo akapiga kelele, na boma lote likacheka. Wazee wakaanza kubishana, kuuma ni kunyonya ama si kunyonya.

"Amekubali," kaka akasema kutoka nyuma. "Hilo ni lake."

"Wewe usiseme," nikamwambia.

Mama mdogo akaniuliza kwa sauti ya chini, kidole bado kinadondosha ajono, kama arudie. Midomo ya mtoto ilikuwa ikitetemeka, alikuwa karibu kulia. Nikamchukua, nikafungua blauzi, nikawaambia wamwache kwanza anyonye.