Atomu Iliyotoka Safuni

Ninafanya kazi ughaibuni, kazi ya kuchunga atomu. Nikisema hivyo nyumbani Ikolo watu huniuliza kama zinakula majani. Tunazipanga safu safu ndani ya chombo kisicho na hewa, kila moja imeshikwa na mwanga wa leza, na zote kwa pamoja zinapiga hesabu kama kompyuta. Shida ni kwamba huchoropoka. Moja ikitoka, hesabu nzima inaharibika. Kazi yangu ni kugundua iliyotoka bila kuzisumbua zilizobaki, kuchukua nyingine kwenye akiba na kuiweka palepale, hesabu ikiendelea.

Likizo iliyopita nilirudi na hamu moja tu: kuimba sauti ya pili kanisani, pale karibu na dirisha nilipokuwa nikisimama tangu shuleni. Mwalimu wa kwaya ni mama. Bajaji iliponishusha alikuwa akianua kakao, mvua inakuja. "Ugonile," akanisalimu, akanipa upande wa mkeka nikunje. Tulipokwisha kula nikamweleza kazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na zile nyingine hazilalamiki?"

"Hazilalamiki, mama. Atomu zote ni sawasawa. Yoyote inafaa."

"Ndaga fijo," akashukuru, kwa sauti ileile anayomshukuria jirani aliyemwazima chumvi.

Jumapili nilikuta sare yangu imevaliwa na binti wa jirani. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi, na jambo hilo halikunifurahisha hata kidogo. Nikakaa na wageni, nikingoja kuitwa. Katikati ya wimbo, mwimbaji mmoja wa sauti ya pili akatoka na mtoto aliyekuwa akilia. Nikaweka mkoba chini, nikashika benchi la mbele tayari kuinuka.

Mama hakusimamisha mkono. Aliinua nyusi kuelekea benchi la wanaojifunza, mmoja akainuka, akaingia penye pengo, ubeti ukaendelea. Ilikuwa kazi safi. Kule maabara tungepiga makofi. Mimi niliumia.

Nje ya kanisa mama akanishika mkono.

"Ningekuita, mwanangu. Lakini Jumapili ijayo ungeniachia pengo tena."

Ndege yangu ilikuwa Alhamisi.

Sasa nimerudi kazini. Wageni wakija maabara huuliza atomu iliyotoka huenda wapi, na wenzangu hujibu kwamba hilo halituhusu. Mimi najua inakokwenda. Inakaa benchi la wageni, na wimbo wote inaujua.