Kikombe cha Bati cha Bi Meri

Najua mtasema nilisinzia. Haya, semeni. Lakini aliyemfungulia mlango ni mimi, na aliyempikia chai ni mimi, kwa mikono yangu hii, mchana, hapa hapa Harrow, London.

Mama mkwe wangu, Bi Meri, ni Mskoti. Alilelewa kwenye nyumba ya watoto, akaambiwa mama yake alikuwa mmoja wa wale mafundi bati wanaohamahama na mahema yao, na kwamba alimtupa. Maisha yake yote kaishi na neno hilo. Alipoanza kuugua moyo, mume wangu akampima DNA ya mate ili tuwatafute ndugu. Wakatokea binamu wa mbali chungu nzima, lakini hakuna aliyewahi kusikia habari za mtoto huyo. Bi Meri akasema, "Basi wanangu, acheni. Aliyenitupa hakutaka nipatikane." Nilikwenda kulilia jikoni.

Sasa, Bi Meri ana jambo lake moja: beseni la vyombo halikutani na beseni la nguo. Ole wako uloweke hata soksi kwenye la vyombo, atalitupa nje! Kafundishwa na nani, hajui. Mimi Mpemba, kwetu nako ni hivyo hivyo, nilifurahi, nikasema hapa nimepata mkwe.

Siku hiyo yeye kalala juu, mvua inanyesha, kengele ikalia. Nafungua, namwona mama wa makamo, shali begani, kapu la vibanio vya nguo mkononi. Nani siku hizi anapitisha vibanio mlango kwa mlango London? Nikamwonea huruma, nikamkaribisha chai. Shali lake lilikuwa kavu. Kavu, wallahi, na lanuka moshi wa kuni.

Nikampa chai yake, nikainamia sinki nisuuze kijiko. Kwa haraka zangu nikakipeleka beseni silo.

"Si hilo, binti," akasema taratibu. "Hilo la nguo."

Na mabeseni yote mawili ni meupe, sawasawa! Nikageuka. Machozi yanamtiririka.

"Kumbe hajasahau," akasema. "Nilimfundisha hata kufunga viatu hajui."

Nikamuuliza, wewe nani?

"Mwambie sikumtupa. Tulikuwa mashambani tunachuma matunda, wakaja watu wa serikali na gari wakamchukua hemani. Nilimtafuta mpaka nikafa. Kwetu mtu akifa vitu vyake vyote huchomwa, asibaki na cha kumrudisha. Mimi niliwakataza kimoja, kikombe cha bati cha mwanangu. Muulizeni Neli, mtoto wa dada yangu, kule Blairgowrie."

Nikatoka mbio hadi chini ya ngazi nikamwite Bi Meri. Niliporudi kiti kitupu, chai imejaa vile vile, jikoni moshi mtupu.

Mume wangu alinicheka sana. Lakini akawaandikia wale binamu, na mmoja akajibu: Neli ni bibi yangu, yu hai. Tulipanda treni kwenda Uskoti na Bi Meri wetu mgonjwa, mkono wake ndani ya wangu safari nzima.

Bi Neli alifungua mlango, akamtazama Bi Meri, asiulize hata jina. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kidogo cha bati. "Mama mdogo alisema kisichomwe, mwenyewe atakuja," akasema. "Watoto sikuwaambia. Kwetu aliyepotea hatutaji jina lake, linauma." Bi Meri akakishika kwa mikono miwili akalia kama mtoto, na mimi nikalia, na mume wangu mcheka watu akalia pia.

Sasa chai hanywi kwa kingine. Ameniusia mimi, si mwanawe: siku akifa, kikombe nacho kiingie motoni, mama yake apumzike. Nimemwahidi.

Nanyi mnaonisikia, msithubutu kumwambia mtoto kwamba mama yake alimtupa, kama hamkuwapo. Mama mwenyewe huja kujibu.