Ngoma ya Vidole Viwili

Shughuli nzima imenigharimu shilingi laki tatu na elfu arobaini, chupa saba za asali, na siku kumi na moja za kufunga duka kuanzia saa nane mchana. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ilinipa chupa sita, kisha nikakumbuka ile ambayo fundi aliomba aionje kwanza ajue kama haina maji ya sukari, akaendelea kujiridhisha mpaka ikaisha.

Nilichopata kwa gharama hiyo ni sauti nne: mdundo wa chini, mchakacho wa kati, mlio mwembamba kama wa kijiko kwenye glasi, na kofi. Ukigawa, kila sauti ni elfu themanini na tano, bila asali. Kwa bei hiyo unapata mbuzi, naye analia, na ukichoka kumsikia unamla.

Sauti hizo zilikuwa za baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kanisa la Moraviani kijijini kwetu, upande wa Kaliua, na siku moja, nikiwa bado sijaanza shule, alishuka kwenye treni amekumbatia kisanduku chenye ukubwa wa Biblia mbili zilizolazwa sambamba. Kilikuwa mashine ya ngoma. Bendi moja ya dansi ilikuwa imevunjikia Tabora mjini kwa kukosa nauli ya kuendelea, na wanamuziki wakawa wanauza walichonacho pale stesheni. Baba alitoa madebe mawili ya asali. Mimi ningeanzia nusu debe, na ningeondoka mara mbili kabla ya kufika moja na nusu. Lakini baba hakuwa mtu wa kuondoka. Akikipenda kitu, mapenzi yanamkaa usoni, na muuzaji anayaona.

Wazee wa kanisa walikaa vikao vitatu. Hawakuwa na neno na ngoma. Shida yao ilikuwa kitufe kimoja cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, mashine inapiga yenyewe mpaka uchoke kuisikiliza, na mwalimu amekunja mikono. Mzee mmoja akauliza, sasa hapo anayemsifu Mungu ni nani? Swali hilo lilikosa jibu kwa vikao viwili. Cha tatu kikaamua: kisanduku kiingie, ila kila mlio utoke kwenye kidole cha mtu aliyebatizwa. Kitufe cha chungwa kikafunikwa kwa plasta ya kidonda. Kwa hiyo baba, miaka yote niliyomwona, alipiga kwa vidole viwili mashine iliyotengenezwa ili mtu asihangaike kuipiga.

Sasa kuna Jumapili inakuja. Usharika wa kijijini una sikukuu yake, na kinamama wa kwaya ya zamani wameombwa waimbe wimbo mmoja kutoka kwenye kaseti waliyorekodi enzi zile. Wamebaki watano. Mama anasema sita, kwa sababu anamhesabu aliyehamia Isikizya, ambaye hapokei simu. Anayeongoza wimbo huo ni mama. Vijana wa kwaya ya sasa walijitolea kumsindikiza kwa kinanda chao. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akasema kinanda ni kizuri na harusini kitafaa sana. Kisha akapanda treni, akaja Ng'ambo, hapa Tabora mjini ninakouza asali, akaketi juu ya ndoo tupu.

"Nitaimba na ngoma ya baba yako," alisema, "au nitakaa na wageni kwenye viti."

Nilijua anamaanisha. Tangu tumzike baba hajaimba peke yake, hata jikoni.

Kisanduku alikuja nacho, kimefungwa kwenye khanga. Nilikipeleka kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Alifungua skrubu, akachungulia, akanigeuzia nione. Nyigu walikuwa wamejenga humo kwa udongo, vyumba pamoja na varanda.

"Dada, hii si mashine," alisema. "Hii ni nyumba. Kodi unapokea wewe?"

Ni yeye aliyenieleza kwamba siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoigiza mashine za zamani, kila moja na vitufe vyake vimechorwa kwenye kioo kama vilivyokuwa. Na kwa bahati, alisema, laptopu ya kuuza anayo. Alitaja laki nne na nusu. Nikauliza kama bei hiyo ni pamoja na fundi mwenyewe. Tukaishia laki mbili na themanini na chupa sita, na ndani yake aihamishe ile kaseti ya kwaya, nakala aliyoiacha baba, iingie kwenye kompyuta. Elfu sitini zilizobaki zilikwenda kwenye programu, hedifoni na bando.

Programu ilikuja na mashine kumi na kadhaa, na jina lililoandikwa kwenye kisanduku cha baba lilishafutwa na jasho la mikono yake. Ilibidi nizijaribu zote. Kila ilipofika saa nane, Ng'ambo ikianza kusinzia na cherehani za jirani zikidonoa kwa mbali kama mvua isiyo na haraka, nilirudisha mlango nusu na kuvaa hedifoni. Jua lilipita kwenye chupa za asali rafuni na kumwaga rangi yake juu ya kioo, vitufe vikawa kama vimezama kwenye chai. Mdundo mmoja. Kaseti. Mdundo mmoja. Kaseti. Kuna kitufe cha kuushusha mlio na kingine cha kuufanya ukawie kufa. Mdundo wa programu ulifunga kama mlango wa benki. Wa baba ulikuwa gunia la mahindi linalotuliwa chini na mtu aliyelilima mwenyewe. Nilishusha kidogo, nikakawiza kidogo, nikasinzia, nikazinduka, nikashusha tena, na siku ya tano gunia likatua. Niligeuka kwa sababu nilihisi mtu ameingia dukani. Hapakuwa na mtu. Nilihesabu chupa za rafuni, kwa tahadhari tu. Zote zilikuwepo.

Ukaja mwendo. Kaseti ya zamani imevutika, huwezi kuiamini kwa kasi. Ila baba alizoea kusema wimbo ule unakwenda kama mpagazi. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kwenye njia ya misafara, kutoka Ujiji kupita hapa kuelekea pwani, na mtu mwenye mzigo hakimbii wala hasimami. Basi nilitoka nje ya mji, kwenye kipande kilichobaki cha njia hiyo, nikajitwika ndoo ya asali ya kilo ishirini na kuhesabu hatua zangu kwa dakika moja ya simu. Tisini na mbili. Nikarudia. Tisini. Mchanga ulikuwa laini na joto, miombo imenyamaza pande zote mbili, na mahali fulani katikati nikagundua sihesabu tena. Nilikuwa nasikia miguu tu, na haikuwa yangu peke yangu. Sikugeuka, ukiwa na ndoo kichwani hugeuki ovyo. Nilichukua tisini na moja, tugawane hasara.

Siku ya nane nilikuwa na sauti nne na mwendo mmoja. Nilizipanga kwenye programu, zikawa zinazunguka zenyewe bila kosa hata la unywele. Mama alikuwa bado kwangu. Nilimpa shikamoo ya mtu anayetarajia sifa, akaitika marahaba, nikamvika hedifoni. Alifumba macho. Akafungua mdomo kuanza ubeti wa kwanza, akaufunga. Akasubiri mzunguko mwingine, akafungua tena, akafunga. Kisha akavua hedifoni na kuiweka mapajani.

"Sauti ni zake," alisema. "Yeye hayumo."

Nikamuuliza nini kimepungua, nikiogopa kwamba jibu litahitaji kununuliwa.

"Amekunja mikono," alisema.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kwa gharama zangu mwenyewe nilikuwa nimebonyeza kitufe cha chungwa.

Nikarudi kwenye kaseti, safari hii bila kutafuta mlio. Nilitafuta kidole. Nilisikiliza kofi moja baada ya jingine, nikaandika kwenye daftari la dukani lipi limewahi na lipi limechelewa. Hakuna lililowahi. Na yaliyochelewa hayakuchelewa ovyo: kila mama alipovuta pumzi, kofi lilikaa nyuma kidogo, likamngoja amalize, ndipo likaanguka. Nilihesabu mara mbili. Katika beti tatu, hakumwacha nyuma hata mara moja.

Kwenye programu ile, kile kitufe kirefu kilicho chini ya herufi za laptopu ndicho kinachoanzisha mashine ijipige. Nilikibandika plasta. Nikaanza kujifunza kwa vidole viwili, wa kulia mdundo, wa kushoto kofi, macho yakiwa kwenye kifua cha mama badala ya kioo. Siku ya kumi na moja aliimba akiwa juu ya ndoo ile ile. Wateja wawili walisimama mlangoni na hawakuuliza bei, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yake ilikuwa na kutu pembeni, katikati safi kabisa. Mwisho wa ubeti wa tatu akakatiza, nami nikakatiza.

Kaseti inaishia hapo. Utepe ulikwisha wakati wanarekodi, na ubeti wa nne haumo.

"Baada ya hapo baba yako huwa anafanyaje?" mama aliniuliza.

Mimi nilidhani anajua yeye. Akasema ubeti wa mwisho aliuimba siku zote amefumba macho, na alipofumbua wimbo ulikuwa umekwisha na baba anafuta kisanduku kwa leso. Tukawapigia simu wenzake. Mmoja ameapa kwamba ngoma ilinyamaza pamoja na neno la mwisho, papo hapo. Mwingine anasema hapana, iliendelea yenyewe baada ya sauti zao, polepole, kama mtu anayetoka mlangoni na mzigo wake. Wengine wawili wamekubaliana na wote wawili. Wa Isikizya hapokei.

Leo ni Ijumaa. Jumapili nitaketi pale alipokuwa anaketi, na mama atafumba macho. Amenisihi jambo moja tu, nisije nikamfanya afumbue kabla ya wakati. Basi kama uliwahi kukaa kwenye mabenchi ya kanisa lile na ukausikia wimbo ule mpaka mwisho, niambie alimaliza vipi; chupa ya nusu lita ni yako, ya kuonja sitoi. Na kama hukuwahi, nishauri hivyo hivyo: ungekuwa wewe, vidole ungeviinua lini?