Rundo la Fishi Chafu

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Nyumba yangu, karakana yangu na masomo ya watoto wangu sita, vyote vimetoka kwenye randa ya useremala. Nasema hivyo ili mtu asidhani nilijipenyeza kwenye kongamano la wasomi. Niliitwa.

Ilikuwa miaka ya vita, kati ya mapigano na mapigano. Bomu lilikuwa limetoboa paa la maktaba moja hapa Kisangani, na mvua ikamalizia. Wanafunzi wanne waliokuwa wakisomea kazi ya maktaba wakaniletea kwa mkokoteni makabati ya fishi, zile kadi ndogo ngumu zinazomwonyesha msomaji kitabu kiko rafu gani. Droo zilikuwa zimevimba na kupasuka. Waliniagiza nitengeneze mpya, kisha nirudishe fishi kama zilivyokuwa.

Nilitengeneza droo nzuri. Ila fundi anayejiheshimu haweki uchafu ndani ya mbao aliyoipiga msasa siku mbili. Kwa hiyo nikazichambua: fishi safi nikazipanga ndani, chafu, zile zilizokuwa nyeusi kwa vidole vya watu, nikazifunga kamba kando, nikangoja waje wazifute.

Wakaja. Mmoja wao, binti wa Lubunga, mdogo kuliko wote lakini mwenye mdomo, alipoona akakaa chini kwenye maranda.

"Papa, umechanganya alfabeti yote. Ile kazi iko ya miaka makumi mbili."

Nikamwambia kama walitaka uchafu wangebaki na droo za zamani. Aliondoka bila kuniaga.

Mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wa wenzake. Baba yake, mkulima wa huko Lubunga, ng'ambo ya mto, alikuwa amesema mwaka huo ndio wa mwisho. Akishindwa, arudi shambani. Na ili afaulu ilimbidi asome kazi yake mbele ya maprofesa kwenye kongamano, na kazi yenyewe ilihusu fishi zilezile, jinsi zilivyopangwa.

Siku ya tatu alirudi, akafungua rundo langu ili alipange upya. Akasoma fishi moja baada ya nyingine, kisha akaniita nione. Fishi chafu zilikuwa za vitabu vilivyotafutwa na watu: malaria, kilimo cha mpunga, sheria za ardhi, hesabu. Safi zilikuwa za vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa tangu viteremshwe kwenye meli. Akasema mapigano yakirudi, na maktaba ikibaki na saa chache na pirogi moja, mtumbwi wa kuvushia vitabu, watu waanze na vitabu vya rundo langu. Akaiandika kazi yake upya.

Kongamano lilifanyika katika ukumbi wa parokia. Ndege zilibeba askari, kwa hiyo wasomi wa mbali hawakufika. Walikuja wa hapahapa, kwa miguu na kwa baiskeli. Kila mmoja alibandikwa jina kifuani kwa pini, hata wale waliokua pamoja. Binti aliniita, nami nikavaa koti langu la harusi. Waliongea Kifaransa, na mwanafunzi mmoja akawa ananitafsiria sikioni.

Binti alisoma vizuri. Hakuficha kwamba chanzo cha yote kilikuwa kosa la seremala, nami nikakohoa. Kisha profesa mmoja mzee akauliza: fishi ya mbele hushikwa na kila anayefungua droo, hata asiyetaka kitabu hicho. Je, ametenganisha uchafu wa msomaji na uchafu wa mpita njia?

Binti alitazama karatasi zake. Nilimwomba Mungu ajibu chochote, maana mimi sijawahi kumwambia mteja kwamba sijui. Yeye akasema kwa Kifaransa kifupi ambacho hata mimi nilikielewa: hajui.

Nikasema moyoni, shamba limempata. Lakini mzee yule akampa siku kumi alete jibu, na ukumbi ukapiga makofi.

Baadaye wanafunzi walikuja karakana, wakaegemea meza yangu kuandika ukurasa waliotakiwa kuandika: umejifunza nini kwenye kongamano. Mmoja alisema amejifunza kwamba soda huisha kabla ya hotuba. Mwingine, kwamba profesa hupenda swali lake kuliko jibu la mwenzake. Binti akaandika kwamba mtu anaweza kusimama, akasema hajui, na bado watu wakampigia makofi. Nikamwambia hiyo ni desturi mbaya, seremala angekufa njaa nayo.

"Na weye, papa, jibu unalijua?"

"Bado sijaangalia."

Walicheka mpaka wino ukamwagika.

Kesho yake asubuhi tulizimwaga fishi zote mezani. Nilimfundisha ninachokijua: mkono unaopita huchafua ukingo wa juu, mkono unaotafuta huvuta kwa kona, na kona hulainika. Akazipima moja moja kwa kidole gumba, macho amefumba. Siku ya nane alikuwa na jibu. Fishi nyingi za mbele zilikuwa zimemdanganya, akazitoa, zilizobaki zilitetea hoja yake. Profesa akaipokea kazi.

Baba yake alivuka mto kusikia habari. Akamuuliza binti yake, mwaka unaokuja atahitaji madaftari mangapi.