Msusi Afunga Saluni Afanye Mtihani

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, msusi anamtoa mteja wake nje. Upande mmoja wa kichwa umeshasukwa. Upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona polisi.

"Shoga, kaa hapo kwenye benchi. Nikifeli leo narudia mwaka mzima."

"Na wakwe zangu wakipita hapa?" Mteja analalamika, lakini anakaa.

Mama huyu wa watoto wawili yuko mwaka wa tatu wa ualimu wa hisabati, katika chuo anachosoma kwa simu. Mtaani wanamwita Profesa. Vipindi anavisikiliza akisuka: mikono iko kichwani kwa mtu, simu anaishika mwenye kichwa.

"Wengine wananiambia rudisha nyuma, hatujaelewa," anasema.

Utamu huo wa wateja kufuatilia somo ndio uliomponza. Mwezi uliopita, katikati ya mtihani, mteja aliyekuwa kwenye draya alipaza sauti: "Kumi na nne, Profesa!" Sheria ya chuo ni kwamba wakati wa mtihani sauti ya mtu mwingine haitakiwi kusikika kwenye simu. Mtihani ukafutwa, na leo ndio anaurudia.

"Na wala haikuwa kumi na nne," anasema akicheka. "Si angalau angepatia!"

Nyumbani mtandao haushiki. Saluni unashika, tena dirishani tu. Kati ya vichwa sita anavyosuka kwa wiki, kimoja ni cha kununulia bando.

Saa tatu kamili anaanza. Nje, mteja amegeuka mlinzi. Muuza sumu ya panya anakuja na kipaza sauti chake.

"Kaka, zima! Kuna mtu anafanya mtihani."

"Mtihani? Saluni?"

"Zima kwanza, utauliza baadaye."

Swali la kumi na sita, simu inaganda.  Msusi anapanda juu ya kiti, ananyoosha mkono dirishani, mtandao unarudi. Maswali matano yaliyobaki anayajibu akiwa amesimama hivyo hivyo.

Majibu yanatoka papo hapo: hamsini na nane kwa mia. Amepita. Vigelegele vinatoka kwenye benchi.

Muhula ujao ni mazoezi ya kufundisha, wiki sita, darasani kabisa.

"Miaka mitatu nasoma, sijamwona mwanafunzi mwenzangu hata mmoja," anasema. "Siku hiyo nitaingia, nitasema habari za asubuhi, na watoto sitini wataniitikia kwa pamoja. Waache wapige kelele wanavyotaka."